Kutangulia Si Kufika: Ndoa za Jinsia Moja na Hesabu za Uchaguzi Nchini Marekani

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Septemba 1996, Rais Bill Clinton alitia saini sheria iliyotamka kwamba, kwa madhumuni yote ya serikali ya shirikisho ya Marekani, ndoa ni muungano wa mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Hapakuwa na hafla. Hapakuwa na wapiga picha, wala kalamu za kugawiwa wageni kama ilivyo desturi ya Ikulu ya nchi ile. Saa hiyo ya usiku wa manane haikuchaguliwa kwa bahati. Uchaguzi mkuu ulikuwa umebakiza chini ya majuma saba, na Rais alitaka sheria ipite bila yeye kuonekana akiipitisha. Hata hivyo, haukupita muda mrefu kabla kampeni yake haijarusha matangazo katika redio za Kikristo yakiitaja sheria hiyohiyo kama jambo la kujivunia. Watetezi wa haki za mashoga na wasagaji walipolalamika, matangazo yakaondolewa hewani.

Naanza na tukio hili kwa sababu lina sura zote mbili za somo ninalotaka kulichambua: aibu ya usiku na majivuno ya redioni. Swali linaloulizwa mara nyingi kuhusu siasa za Marekani ni kama kuunga mkono ndoa za watu wa jinsia moja kulikuwa hatari kwa mgombea. Jibu la haraka ni ndiyo, kulikuwa hatari. Kisha, mahali fulani njiani, hatari ikatoweka. Jibu hilo si la uongo, ila linaficha jambo kubwa zaidi. Hatari ya kisiasa haitoweki kama umande. Huhama kutoka bega moja kwenda jingine, na mara nyingi huhama kutoka kwa wakubwa kwenda kwa wadogo. Kwa hiyo, katika makala haya nitauliza swali tofauti kidogo: katika miaka hiyo kumi na sita, kutoka 1996 hadi 2012, ni nani hasa aliyelipa?

Tuanze na chanzo. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya jimbo la Hawaii iliamua kwamba kuwanyima watu wa jinsia moja leseni ya ndoa kungeweza kuwa ubaguzi wa kijinsia chini ya katiba ya jimbo hilo, na serikali ya jimbo ikatakiwa kutoa sababu nzito za kuendelea kufanya hivyo. Hakuna ndoa hata moja iliyofungwa kutokana na uamuzi huo. Lakini wanasiasa wa Washington waliona wingu, wakaanza kufungua miavuli. Iwapo Hawaii ingeruhusu, je, majimbo mengine yangelazimika kuzitambua ndoa za huko? Ndipo ikaja Sheria ya Kulinda Ndoa. Baraza la Wawakilishi liliipitisha kwa kura 342 dhidi ya 67, na Seneti kwa kura 85 dhidi ya 14.

Msomaji atazame tarakimu hizo kwa makini. Kila upande ulivuka kwa mbali theluthi mbili zinazohitajika kuivunja kura ya turufu ya rais. Clinton angekataa kutia saini, sheria ingepita vilevile. Kwa hiyo saini yake haikubadili chochote katika vitabu vya sheria. Ilikuwa kinga ya mwanasiasa dhidi ya mpinzani wake, Bob Dole, ambaye alikuwa miongoni mwa walioidhamini sheria hiyo alipokuwa bado seneta.

Kati ya maseneta 14 waliopiga kura ya hapana, mmoja tu alikuwa anatetea kiti chake mwaka ule: John Kerry wa Massachusetts. Wengine ama walikuwa wanastaafu, ama walikuwa na angalau miaka miwili ya kupumua kabla ya kurudi kwa wapigakura. Kerry alishinda. Lakini haifai kuufanya ushindi huo kuwa ngano ya ushujaa. Mpinzani wake, Gavana William Weld, alikuwa Mrepublican mwenye msimamo laini juu ya mambo ya mashoga, na wapigakura wa Massachusetts hawakuwa wale wa Mississippi. Hapa ndipo kanuni ya kwanza inapojitokeza: hatari haikai ndani ya hoja yenyewe, hukaa kati ya hoja na mahali inaposemewa.

Wa kwanza kulipa walikuwa watu wa jimbo dogo la Vermont. Desemba 1999 mahakama ya juu ya jimbo hilo iliagiza kwamba wapenzi wa jinsia moja wapewe manufaa yaleyale wanayopata wanandoa, ikaliachia bunge la jimbo lichague njia ya kufanya hivyo. Bunge likachagua kuunda kitu kipya, muungano wa kiraia, wenye haki za ndoa bila jina la ndoa. Gavana Howard Dean aliitia saini sheria hiyo mwezi Aprili 2000, naye pia faraghani, bila kamera. Mtu angedhani kwamba kuliepuka neno «ndoa» kungetosha kutuliza hasira. Haikutosha. Mabango yaliyowahimiza wananchi wairudishe Vermont mikononi mwao yalitundikwa hata kwenye mabanda ya ng'ombe kote vijijini. Katika uchaguzi wa mchujo wa Septemba, Warepublican kadhaa walioiunga mkono sheria hiyo waliangushwa na wanachama wenzao. Novemba wakafuata wabunge wengine zaidi, na Warepublican wakatwaa Baraza la Wawakilishi la jimbo. Dean mwenyewe alirudi madarakani kwa zaidi kidogo tu ya asilimia 50 ya kura, kiwango ambacho kama angekikosa, uamuzi wa nani awe gavana ungeangukia mikononi mwa bunge.

Majina ya wengi wa wabunge wale hayamo katika vitabu vinavyosomwa leo. Walikuwa wakulima, walimu na wenye maduka, waliokuwa wakilitumikia bunge la muda kwa posho ndogo. Hawakuwa na washauri wa kupima maoni ya umma, wala walinzi, wala ahadi ya kazi nyingine. Baadhi yao walijua kabisa, walipokuwa wakiinua mikono yao, kwamba walikuwa wakivipungia viti vyao kwaheri.

Kisha ikaja Massachusetts. Tarehe 18 Novemba 2003, mahakama ya juu ya jimbo hilo iliamua kwamba katiba ya jimbo haimruhusu mtu kunyimwa ndoa kwa sababu tu mwenzake ni wa jinsia yake. Ndoa za kwanza zilifungwa tarehe 17 Mei 2004. Kabla ya hapo, mwezi Februari, Gavin Newsom, meya mpya wa San Francisco, alikuwa ameagiza ofisi yake itoe leseni za ndoa kwa wapenzi wa jinsia moja bila kuisubiri mahakama yoyote. Picha za foleni ndefu nje ya jumba la jiji zilienea nchi nzima. Tarehe 24 Februari, Rais George W. Bush alitoa wito wa kuirekebisha Katiba ya Marekani ili ndoa hizo zizuiwe kabisa. Rekebisho hilo lilikwama Seneti mwezi Julai, lakini majimboni moto ulikuwa umeshawaka. Siku ya uchaguzi, tarehe 2 Novemba 2004, majimbo 11 yalipiga kura za maoni za kuzuia ndoa za jinsia moja, na yote 11 yakazuia.

Mmoja wa majimbo hayo ulikuwa uwanja mkuu wa mapambano: Ohio. Bush alilichukua jimbo hilo kwa tofauti ya kura takriban 118,000, na kwalo akaupata urais kwa muhula wa pili. Asubuhi yake hadithi ilikuwa imekwisha kuandikwa. Ilisemwa kwamba ndoa za jinsia moja ndizo zilizomwangusha Kerry, kwamba waumini wa makanisa ya kiinjili walifurika vituoni kuipigia kura marufuku ya ndoa na wakampigia Bush kwa mkono uleule. Dodoso la wapigakura waliokuwa wakitoka vituoni lilionyesha kwamba asilimia 22 walitaja «maadili» kuwa jambo lililowagusa zaidi, nalo likachukuliwa kama muhuri wa hadithi hiyo. Seneta Dianne Feinstein wa California, Mdemocrat mwenzake Newsom, alisikika akilalamika kwamba mambo yalikuwa yamekwenda mengi mno, haraka mno na mapema mno.

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Hadithi ya Ohio iliwafaa wote. Iliwafaa viongozi wa kiinjili, kwa kuwa ilithibitisha nguvu zao. Iliwafaa pia Wademocrat waliokuwa wakitafuta wa kumlaumu mbali na mgombea wao na kampeni yake. Lakini tukiiweka kwenye mizani, inapwaya. Kitaifa, sehemu ya kura za Bush ilipanda kutoka asilimia 47.9 mwaka 2000 hadi 50.7 mwaka 2004, yaani karibu pointi tatu. Katika Ohio ilipanda kwa chini ya pointi moja. Kama kura ya maoni juu ya ndoa ndiyo iliyombeba, mbona ilimbeba kidogo zaidi mahali ilipokuwapo? Tena, Oregon na Michigan ziliipitisha marufuku hiyohiyo siku hiyohiyo, na zote mbili zilimchagua Kerry. Neno «maadili» nalo lilikuwa pana kiasi kwamba kila mtu angeweza kutia humo alichotaka, kuanzia utoaji mimba hadi uaminifu wa kiongozi.

Kuna jambo la kushangaza zaidi, nalo husahauliwa na wengi: Kerry hakuunga mkono ndoa za jinsia moja mwaka 2004. Msimamo wake ulikuwa muungano wa kiraia. Aliadhibiwa, kama kweli aliadhibiwa, kwa jambo ambalo hakulisema. Wanafunzi wangu wa historia ya siasa hupenda kuuona mwaka 2004 kama ushahidi kwamba mgombea akiunga mkono ndoa hizo huanguka. Mimi nauona kama ushahidi wa kitu kingine: kwamba mgombea anaweza kukaa katikati ya barabara na bado akagongwa, kwa sababu wapinzani wake hawahitaji kauli yake, wanahitaji tu jimbo alikotoka na mahakama ya jimbo hilo.

Miaka minne baadaye California ilitoa somo la kuukamilisha ushahidi huo. Mei 2008 mahakama ya juu ya jimbo ilihalalisha ndoa za jinsia moja, na wapenzi takriban 18,000 wakaoana kabla ya Novemba. Tarehe 4 Novemba wapigakura wakaifuta haki hiyo kwa asilimia 52. Karatasi ileile ya kura ilimpa Barack Obama asilimia 61 ya California. Maana yake ni kwamba mamia kwa maelfu ya watu walimchagua rais mweusi wa kwanza kwa kalamu ileile waliyoitumia kuzuia ndoa hizo. Naye Obama alikuwa amewarahisishia kazi. Mbele ya mchungaji Rick Warren, Agosti mwaka ule, alisema kwamba kwake ndoa ni kati ya mwanamume na mwanamke. Aliipinga marufuku ya California kwa maneno, lakini kauli yake ya kanisani ndiyo iliyosambazwa na walioitaka marufuku hiyo.

Sasa tuwatazame waliolipa baada ya hapo. Tarehe 3 Aprili 2009, majaji wote saba wa Mahakama ya Juu ya Iowa, bila hata mmoja kupinga, waliamua kwamba sheria ya jimbo iliyozuia ndoa za jinsia moja ilikiuka usawa mbele ya sheria. Iowa si San Francisco; ni jimbo la mashamba ya mahindi na makanisa ya vijijini katikati ya nchi. Kule majaji huteuliwa, lakini baada ya muda wapigakura huulizwa kama wabaki au waondoke. Tangu utaratibu huo uanze mwaka 1962, hakuna jaji wa mahakama hiyo aliyewahi kuondolewa. Novemba 2010 majaji watatu ambao zamu yao ilikuwa imefika, Marsha Ternus, Michael Streit na David Baker, waliondolewa wote kwa mpigo. Hawakufanya kampeni. Waliona kwamba jaji anayechangisha fedha na kupita kuomba kura atakuwa ameshaiuza heshima anayoitetea. Wapinzani wao hawakuwa na kizuizi kama hicho, na fedha kutoka nje ya jimbo ziliingia.

Mwaka 2011 zamu ilikuwa ya New York. Tarehe 24 Juni, Seneti ya jimbo hilo, ikiwa mikononi mwa Warepublican, ilipitisha ndoa za jinsia moja kwa kura 33 dhidi ya 29. Warepublican wanne walijiunga na upande wa ndiyo: James Alesi, Mark Grisanti, Roy McDonald na Stephen Saland. Bila wao sheria isingepita. Gavana Andrew Cuomo, Mdemocrat, alivuna sifa za nchi nzima. Nao wanne je? Alesi hakugombea tena mwaka 2012. McDonald aliangushwa katika mchujo wa chama chake. Saland alinusurika mchujo kwa kura chache, kisha akashindwa na Mdemocrat katika uchaguzi wenyewe. Grisanti alivuka mwaka 2012, akaja kuanguka katika mchujo wa 2014. Kati ya wanne, hakuna aliyebaki. Sababu za kila mmoja kuanguka hazikuwa kura ile peke yake, lakini kura ile haikukosekana katika hesabu ya yeyote kati yao.

Katika hali hiyo ndipo Obama anapoingia, na ndiyo maana nimemchelewesha. Mwaka 1996, alipokuwa akigombea useneta wa jimbo la Illinois katika wilaya ya Chicago yenye chuo kikuu na wasomi wengi, alijibu dodoso la gazeti moja la jamii ya mashoga kwa kuandika kwamba aliunga mkono kuhalalishwa kwa ndoa za jinsia moja. Alipoutafuta useneta wa taifa mwaka 2004, na urais mwaka 2008, msimamo ukawa ni muungano wa kiraia. Mwaka 2010 akaanza kusema kwamba mawazo yake juu ya jambo hilo yanakua. David Axelrod, mshauri wake mkuu, alikiri katika kitabu chake cha 2015 kwamba Obama aliuficha msimamo wake halisi kwa kuhofia upinzani hasa wa makanisa ya watu weusi.

Kilichomtoa mafichoni kilikuwa ulimi wa mwenzake. Tarehe 6 Mei 2012, Makamu wa Rais Joe Biden aliulizwa katika kipindi cha televisheni, akajibu kwamba hana tatizo lolote na wanaume kuoana wao kwa wao au wanawake vivyo hivyo. Siku mbili baadaye wapigakura wa North Carolina, jimbo ambalo Obama alilishinda mwaka 2008 kwa kura takriban 14,000 tu, waliandika marufuku ya ndoa hizo katika katiba yao kwa asilimia 61. Kesho yake, tarehe 9 Mei, Obama aliketi na mtangazaji Robin Roberts wa ABC, akatamka kwamba watu wa jinsia moja wanapaswa kuruhusiwa kuoana. Mei hiyohiyo, majaji watatu wa Iowa walikabidhiwa tuzo ya ujasiri inayotolewa kwa kumbukumbu ya John F. Kennedy. Rais alikuwa bado na ofisi yake. Wao walikuwa na tuzo.

Je, tamko hilo lilikuwa hatari? Siwezi kusema halikuwa. Uchumi ulikuwa bado unachechemea, na North Carolina ilimponyoka Novemba. Lakini alikuwa amesubiri hadi uchunguzi wa Gallup ulipoonyesha kwamba nusu ya Wamarekani wanaunga mkono, ilhali mwaka 1996 walikuwa asilimia 27. Siku kumi baada ya tamko lake, bodi ya NAACP, chama kikongwe cha haki za watu weusi, ilipitisha azimio la kuunga mkono. Novemba alishinda kwa kura za wajumbe 332 dhidi ya 206 za Mitt Romney. Siku hiyohiyo Maine, Maryland na Washington zilikuwa za kwanza kuidhinisha ndoa za jinsia moja kwa kura ya moja kwa moja ya wananchi, na Minnesota ikaikataa marufuku.

Maine yafaa kutazamwa peke yake, kwa kuwa inajibu swali la nini kilichopunguza hatari. Mwaka 2009 bunge la jimbo hilo lilipitisha ndoa hizo na gavana akatia saini; Novemba mwaka huohuo wananchi wakaifuta sheria kwa takriban asilimia 53. Miaka mitatu baadaye wananchi walewale wakairudisha, tena kwa takriban asilimia 53. Katikati hapo wanaharakati walipita nyumba kwa nyumba, wakaacha kuzungumzia haki kwa lugha ya mawakili, wakaanza kuzungumzia upendo, ahadi na uzee wa pamoja. Wapigakura wazee waliulizwa kuhusu ndoa zao wenyewe kabla ya kuulizwa kuhusu za wengine. Massachusetts nayo ilikuwa imeonyesha jambo hilo kwa njia nyingine. Juni 2007 wabunge wake walitakiwa kuamua kama marufuku ipelekwe kwa wananchi. Zilihitajika kura 50 tu kati ya 200, zilipatikana 45. Kwa miaka mitatu wabunge walikuwa wameishi na majirani waliooana, na jua lilikuwa likichomoza kama kawaida. Vermont, iliyowaadhibu wabunge wake mwaka 2000, ilihalalisha ndoa zenyewe mwaka 2009 kwa kuivunja kura ya turufu ya gavana, 100 dhidi ya 49 katika Baraza la Wawakilishi. Njia aliyoipita mkubwa ilikuwa imefyekwa na wadogo.

Wapo watakaonijibu kwamba subira ya kiongozi si woga. Kwamba rais anayeshindwa kwa ajili ya hoja moja huipoteza hoja hiyo pamoja na nyingine zote. Kwamba Obama wa 2008 angesema alichokiandika mwaka 1996, huenda asingekuwapo wa kusema mwaka 2012. Hoja hiyo ina uzito, na mwanahistoria asiyeihesabu atakuwa anahubiri tu. Lakini hesabu ya subira ina safu mbili, na wanasiasa hutuonyesha moja. Safu ya pili ni ya wale wanaosubirishwa.

Mfano ni Edith Windsor. Aliishi na Thea Spyer jijini New York kwa zaidi ya miaka 40, wakafunga ndoa Toronto mwaka 2007. Spyer alifariki mwaka 2009. Angekuwa mwanamume, Windsor asingedaiwa hata senti ya kodi ya shirikisho juu ya urithi ule. Kwa kuwa sheria ile iliyotiwa saini usiku wa manane haikumtambua kuwa mjane, alitozwa dola 363,053. Alishtaki, na tarehe 26 Juni 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakibatilisha kifungu hicho cha sheria. Miaka miwili kamili baadaye, tarehe 26 Juni 2015, mahakama hiyohiyo ikahalalisha ndoa hizo nchi nzima kwa kura tano dhidi ya nne. Bei ya saini ya 1996 ilikuwa na tarakimu, na aliyeilipa alikuwa ajuza aliyefiwa. Kura za Clinton za mwaka ule hazikumlipia.

Mwezi mmoja baada ya uamuzi wa 2015, Obama alisimama Ikulu ya Nairobi pamoja na Rais Uhuru Kenyatta. Aliulizwa kuhusu mashoga barani Afrika, akasema kwamba dola haipaswi kuwatendea watu tofauti kwa sababu ya wanaowapenda. Kenyatta akajibu kwamba yapo mambo ambayo nchi hizi mbili hazishiriki, na kwamba hilo si suala kwa Wakenya. Ukumbi ukampigia makofi. Wengi waliuona kama mgongano wa tamaduni mbili. Mimi niliuona pia kama mkutano wa wanasiasa wawili waliojua hesabu zao. Obama hakuwa na uchaguzi wowote mbele yake. Kenyatta alikuwa nao wa 2017, katika nchi ambayo Katiba yake ya 2010, Ibara ya 45, inataja haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti. Kila mmoja alisema lile ambalo halikumgharimu kitu kwao. Miaka saba kabla ya hapo, jibu la Obama kwa mchungaji Warren juu ya ndoa yenyewe lisingewakera waliompigia makofi Kenyatta.

Simaanishi kwamba historia ya Marekani ni ratiba ambayo nchi nyingine zote zitaifuata kwa kuchelewa. Historia haina ratiba. Ninachosema ni kwamba tunaposikia kiongozi, awe wa upande wowote na katika hoja yoyote, akisema wananchi «hawajawa tayari», tusikome kwenye kuuliza kama ni kweli. Tuulize pia ni nani anayefanya kazi ya kuwaandaa, analipwa nini kwa kazi hiyo, na ni nani anayetozwa gharama za kungoja.

Mwaka 2022 Bunge la Marekani liliifuta kabisa sheria ya 1996 na kuweka nyingine inayozitambua ndoa hizo. Maseneta 12 wa Republican waliiunga mkono, na Rais Biden aliitia saini tarehe 13 Desemba mchana kweupe, kwenye uwanja wa Ikulu, mbele ya maelfu ya wageni na waimbaji. Kati ya saini ile ya gizani na hii ya juani kuna wabunge wa Vermont, majaji watatu wa Iowa na maseneta wanne wa New York. Wahenga walisema kutangulia si kufika. Wao walitangulia, waliofika ni wengine.